Mashine Isiyo na Taa ya Kuonya

Hotuba hii niliitoa Makambako, mbele ya wakulima wa umwagiliaji, wapasua mbao na mafundi wenzangu. Waliokuwa mashambani siku ile wameomba waipate kamili, nami nimeiandika kama nilivyoisema, isipokuwa pale nilipokatisha maneno kutafuta miwani.

Ndugu Mwenyekiti, wazee wangu, mama zangu, vijana wa msituni na wa mabondeni, mafundi wenzangu, kamwene!

Nimepewa nafasi ya kuzungumza juu ya injini ndogo. Ninazikusudia zile zinazoendesha pampu zetu za maji, mashine za kufyekea majani kwenye parachichi na chai, mashine za kupuria mpunga kule Usangu, na misumeno ya mnyororo ambayo kuanzia Mafinga hadi Njombe kila mtu anaiita chenso. Ni injini ambazo mtu mmoja anazibeba begani, na nadhani huo ndio mkosi wake, kwa sababu kitu kinachobebeka begani tunakihesabu kuwa ni kidogo, na kilicho kidogo tunadhani hakidai matunzo.

Naomba nianze na swali. Ni nani hapa amewahi kukaa kiti cha mbele kwenye gari, karibu na dereva? Naona mikono mingi. Dereva anapozungusha ufunguo, kabla gari halijawaka, huwa inatokea taa nyekundu yenye umbo kama birika la chai. Taa ile ni ya oili. Injini ikiwaka na oili ikafika inakotakiwa, taa inazimika, na ikiwaka tena njiani, dereva mwenye akili anaegesha palepale, hata kama ni katikati ya mlima Kitonga.

Sasa niambieni, birika hilo liko wapi kwenye pampu yako?

Halipo. Na si birika tu. Injini nyingi za aina hii hazina pampu ya oili wala chujio la oili. Ndani yake kuna kijiko kidogo cha chuma kilichoungana na konrodi, yaani ule mkono unaoiunganisha pistoni na kranki, mhimili unaozunguka, na kazi ya kijiko hicho ni kuchota oili iliyotuama chini na kuirusha juu iloweshe kila kinachosuguana. Hakuna maji ya kupoza. Kinachopoza ni upepo unaosukumwa na mapezi ya gurudumu lililo nyuma ya kamba ya kuwashia. Kipimo cha joto hakuna, kipimo cha mwendo hakuna, na mara nyingi hakuna hata kifaa cha kuhesabu saa za kazi. Pistoni inapanda na kushuka mara 60 katika sekunde moja, na katika kelele yote ile hakuna kitu hata kimoja kinachokuambia kwamba mambo yameharibika, mpaka yawe yameharibika kweli. Kwa hiyo taa ya kuonya ni wewe mwenyewe. Macho yako ndiyo kipimo cha oili, pua yako ndiyo kipimo cha joto, na daftari lako ndilo linalohesabu saa.

Zipo injini zenye kifaa cha kuzima mashine oili inapopungua, nazo ni nzuri. Lakini mara ngapi nimepokea kwenye karakana injini iliyonoki, yaani iliyokwama kwa kukosa oili, nikakuta waya wa kifaa hicho umekatwa! Nikiuliza sababu, naambiwa: "Fundi, ilikuwa inazimazima ovyo."

Nianze basi na oili, na kwa oili nitakaa muda mrefu kuliko kwingine, mniwie radhi. Miaka michache iliyopita akina mama wa kikundi kimoja cha umwagiliaji, ambao sitawataja kwa sababu baadhi yao wanaweza kuwa wamekaa humu ndani, walichangishana kwa misimu miwili wakanunua pampu mpya ya inchi tatu. Waliifikisha bondeni ikiwa bado ndani ya boksi, wakaitoa, wakajaza petroli, wakavuta kamba. Iliwaka kwa mvuto wa pili na watu wakapiga vigelegele. Haikumaliza nusu saa. Walipoileta kwangu, kamba haikuvutika hata kwa wanaume wawili, na nilipofungua boliti ya kumwagia oili, hakikutoka hata tone. Mashine mpya husafirishwa ikiwa kavu. Oili unanunua na kuweka mwenyewe kabla ya kuvuta kamba kwa mara ya kwanza. Kibandiko cha onyo kilikuwepo kwenye tangi, kimeandikwa kwa lugha ambayo hakuna mwanakikundi aliyeisoma, na muuzaji alipokea fedha akanyamaza. Kosa ni la nani? Mimi nina jibu langu, na silo la kuwalaumu akina mama wale.

Injini ya kawaida ya pampu, ile ya nguvu ya farasi tano na nusu, inabeba oili kiasi cha lita 0.6. Hiyo ni chupa ya maji ya nusu lita na kidogo juu yake. Fikirini: nusu lita na kidogo ndiyo inayoweka chuma mbali na chuma siku nzima. Ndiyo maana kila asubuhi, mashine ikiwa imepoa na imekaa sawasawa, unafungua kijiti cha kupimia, unakifuta kwa kitambaa safi, unakichomeka tena, unakitoa, unakisoma. Kwenye injini nyingi za aina hii hukizungushi kukifunga wakati wa kupima. Unakiegemeza tu mdomoni mwa tundu, kwa sababu ukikifunga kitazama ndani zaidi na kukudanganya kwamba oili ipo. Kisha chukua tone moja ulisugue kati ya kidole gumba na cha shahada. Likiteleza kama mafuta ya kula, vema. Ukihisi chengachenga kama unga wa sembe uliokobolewa vibaya, hiyo ni vumbi na chuma, na oili hiyo imemaliza kazi yake.

Lakini je, oili ikiwepo inatosha? Haitoshi, na hili nalijua kwa gharama. Nilipokuwa kijana nilimsaidia mjomba wangu kwenye vinyungu vyake, yaani bustani zake za bondeni za kiangazi, Iringa. Asubuhi moja nilipima oili, ikawa imejaa vizuri, nikateremsha pampu ukingoni mwa kijito na kuiegemeza kwenye mteremko, upande mmoja nimeukinga kwa jiwe ili isiserereke. Ilifanya kazi kama saa nzima. Kisha nikasikia mlio kama mtu anayegonga sufuria kwa nyundo, nikaanza kukimbia kuifuata, na kabla sijafika ikapasuka. Konrodi ilikuwa imekatika na kutoboa ubavu wa injini tundu la kupitisha kidole gumba. Oili ilikuwemo tele! Ilikuwa imejikusanya upande wa chini wa mteremko, na kile kijiko kilikuwa kinachota hewa. Mjomba hakunigombeza. Alikiokota kipande cha konrodi, akakisafisha, akakitundika kwenye msumari jikoni, mahali ambapo kila nikiingia kula lazima nikione. Kilikaa pale miaka.

Nani asiyejua kwamba sisi tunaishi kwenye miteremko? Watengenezaji wengi wanataka injini hizi zisiinamishwe kupita nyuzi 20. Kwa kuwa hatutembei na vipimo vya nyuzi, chukua fimbo iliyonyooka ya mita moja, ilaze sawasawa, ncha moja ikigusa ardhi upande wa juu, kisha pima upande wa chini iko juu kiasi gani. Ikizidi sentimita 36, umevuka mpaka. Dawa yake ni jembe. Dakika kumi zinatosha kuchimba kijukwaa bapa cha kuikalisha pampu, na hapo ndipo pa kuipimia oili pia, kwa sababu kijiti kinachopimwa kwenye mteremko hakisemi kweli.

Sasa tuje kwenye hesabu ya saa. Oili ya kwanza ya injini mpya inamwagwa baada ya saa 20, kwa sababu vyuma vipya vinapozoeana vinatoa chembe, na hakuna chujio la kuzidaka. Baada ya hapo ni kila saa 100 au kila miezi sita, kinachotangulia. Wengi wenu mnaniambia, "Fundi, mimi namwaga oili kila msimu." Haya, tuhesabu pamoja. Ukimwagilia saa sita kwa siku, saa 100 zinaisha siku ya 17. Ukimwagilia siku moja na kupumzika moja, tangu Julai hadi Oktoba, unapata kama siku 60, ambazo ni saa 360. Gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa lingekuwa limetembea kilomita 18,000 kwa saa hizo, yaani kwenda Dar es Salaam na kurudi Mbeya zaidi ya mara kumi. Ni dereva gani wa basi angefanya safari hizo zote kwa oili ileile? Na basi lake lina chujio! Kwa hiyo msimu mmoja wa vinyungu unadai kumwaga oili mara tatu, pengine nne. Jumla yake haifiki lita mbili na nusu. Nunua daftari la shule, lifunge kwa uzi kwenye fremu ya pampu au liweke pamoja na spana, na anayeizima mashine jioni aandike saa alizofanya. Vikundi vitumiavyo pampu kwa zamu ndivyo vinavyohitaji daftari hili kuliko wote, maana cha wengi hakina wa kukikumbuka.

Oili chafu, tafadhali, isimwagwe mferejini. Maji hayo wenzenu wa chini wanayanywa.

Ndugu zangu, jambo la pili ni hewa. Mwezi wa Septemba hapa Makambako hamhitaji mtu wa kuwaeleza vumbi na upepo. Lakini vumbi baya kuliko yote nililowahi kuliona liko Usangu wakati wa kupura mpunga. Kijana mmoja, upande wa Chimala, aliniletea injini ya mashine ya kupuria iliyokuwa inatoa moshi wa bluu na kula oili kama mtoto anavyokula miwa. Ilikuwa na msimu mmoja tu. Nilipofungua kisanduku cha chujio la hewa, nikakikuta kitupu. "Nililitoa," akasema, "ili ipumue." Na kwa kweli ilipumua. Ilipumua vumbi la pumba, na pumba za mpunga zimejaa silika, madini yaleyale yaliyomo kwenye mchanga. Kila mvuto wa pistoni uliingiza msasa kati ya ringi na silinda. Nilipopitisha ukucha ndani ya silinda, ukucha ulikwama juu kabisa, pale ringi zinapoishia, kwa sababu ukuta ulikuwa umelika na kuacha ngazi.

Chujio linasafishwa, halitupwi. Lile la sponji unalifua kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, unalikausha kivulini mpaka likauke kabisa, unalichovya kwenye oili safi ya injini, unalikamua mpaka lisidondoshe. Lile la karatasi hulifui wala hulipitishi kwenye petroli. Unaligongagonga taratibu kwenye kitu kigumu, na likishakuwa jeusi au limetoboka, unanunua jingine. Vitabu vinasema kila saa 50. Kwenye kupura mpunga, mimi nasema kila jioni.

Na kabla hatujaiacha hewa, tazameni pia ile ya kupoza. Toeni kifuniko cha upande wa kamba, mchungulie yale mapezi ya silinda. Nimetoa humo majani makavu, manyoya ya kuku, na safari moja kiota cha panya chenye watoto watano. Injini iliyofungwa blanketi la namna hiyo inajipika yenyewe, na mwenyewe yuko pale anashangaa harufu ya rangi kuungua.

Liko swali ambalo naulizwa kila wiki, nami nitalijibu kwa sababu linahusu nyanda zetu hizi tu. Mtu ananunua injini Dar es Salaam, inajaribiwa mbele yake, inanguruma. Akiifikisha huku inakuwa mvivu, inatoa moshi mweusi, plagi inajaa masizi, naye anaapa kwamba ameuziwa feki. Pengine si feki. Jiji la Mbeya liko kiasi cha mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, Njombe iko juu zaidi, na kila unapopanda mita 300 injini inapoteza karibu asilimia tatu na nusu ya nguvu zake kwa kuwa hewa ni nyepesi. Kwa Mbeya peke yake hiyo inakaribia moja ya tano. Zaidi ya hapo, kabureta iliyopangiwa pwani inaendelea kumimina petroli ileile kwenye hewa iliyopungua, na ndiyo maana ya masizi. Hizi hapa plagi tatu nilizozishika. Hii ya rangi ya kahawia, kama chai ya maziwa iliyokolea, imetoka kwenye injini yenye afya. Hii nyeusi yenye unga imelishwa petroli nyingi au imenyimwa hewa. Na hii nyeupe kama mfupa imeungua kwa kukosa petroli, na ndiyo ya kuogopwa.

Fundi anaweza kukuwekea jeti ndogo kwenye kabureta, yaani kile kitundu kinachopitisha petroli, ili moshi upungue. Lakini asikuache uondoke bila kukuambia neno hili: ukiiteremsha injini hiyo Kyela, kwenye mita 500 tu, hewa itazidi petroli, joto litapanda, na plagi yako itakuwa hii nyeupe. Kila ukiteremka, jeti ya zamani irudishwe. Iwekeni kwenye kikasha cha spana, ndani ya kipande cha kitambaa.

Jambo la tatu ni mafuta, na hapa nawageukia vijana wa chenso. Injini ya chenso haina mahali pa kuweka oili kama pampu. Oili yake inasafiri ndani ya petroli, na petroli isipochanganywa, pistoni inakwenda kavu. Mliopo mnaofanya kazi upande wa Sao Hill, mnachanganyaje? Nimewauliza wengi, na jibu ni, "Kwa macho, fundi, mpaka rangi ikae." Rangi ipi? Oili moja ni nyekundu, nyingine ya kijani, nyingine ya bluu!

Alikuja mpasuaji mmoja na chenso iliyopoteza nguvu. Sikufungua silinda. Nilifungua boliti mbili za exozi, nikaitoa, nikamwambia achungulie kwenye tundu huku mimi navuta kamba polepole. Pistoni ilipopita tuliiona ina michirizi kutoka juu mpaka chini, kama ubao uliopigwa randa yenye meno. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza, "Hii ni ya siku ile niliyoazima petroli kwenye chupa?" Ndiyo, ilikuwa ya siku ile. Petroli ya chupa haikuwa na kitu ndani yake, naye hakuuliza.

Acheni macho, shikeni bomba la sindano. Nendeni duka la dawa mnunue lile la mililita 20. Kwa oili nzuri ya injini za namna hii, ambayo uwiano wake ni moja kwa hamsini, bomba moja linatosha lita moja ya petroli, na mabomba matano yanatosha dumu la lita tano. Kama chupa ya oili au kitabu cha mashine kinataka moja kwa ishirini na tano, ongezeni mara mbili. Changanyeni kwenye dumu, si kwenye tangi la mashine, litikiseni, na liwe na alama isiyofutika ili mtu asilichukue kwa pikipiki, wala asiweke petroli tupu ndani yake. Oili ya kawaida ya gari haifai kwa kazi hii.

Sasa wenye pampu msicheke, kwa maana petroli inawangoja nanyi, stoo. Mvua za Novemba zikianza, pampu inabebwa na tangi lake likiwa nusu, inawekwa pembeni ya magunia, na hakuna anayeigusa mpaka Julai. Hiyo ni kama miezi minane. Petroli inaanza kuchoka baada ya kama mwezi mmoja, na ikikauka ndani ya kabureta inaacha utomvu wa rangi ya asali unaoziba vitundu vyembamba kuliko sindano ya cherehani. Kila Julai karakana yangu inajaa pampu ambazo hazikuharibiwa na kazi yoyote. Zimeharibika zikiwa zimelala.

Siku ya kuiweka stoo, fanyeni hivi. Mwageni petroli yote ya tangi, muitumie kwingine. Washeni injini ife yenyewe kwa kuishiwa, kisha fungueni skrubu iliyo chini ya bakuli la kabureta, itoke ile iliyobaki. Badilisheni oili wakati huo, msingoje Julai, kwa sababu oili iliyotumika ina asidi na unyevu vinavyokula vyuma muda wote mashine imelala. Toeni plagi, mtie kijiko kimoja cha chai cha oili safi kwenye tundu lake, mvute kamba taratibu mara tatu nne isambae, mrudishe plagi. Mwisho vuteni kamba polepole mpaka mhisi inakaza, muiache hapohapo. Inapokaza, valvu zote mbili zimefunga, na ukungu wa Rungwe au wa Makete hauna pa kuingilia. Wekeni mashine juu ya mbao, mbali na mbolea ya chumvichumvi, na mzibe mdomo wa exozi kwa kitambaa. Panya wale watano nimewataja tayari.

Ndugu Mwenyekiti, naona mkono wa saa, na kuna jambo la kunifanya niharakishe. Pampu mliyonikabidhi kwa mafunzo niliiwasha dakika tano kabla ya kuingia ukumbini mara ya mwisho, nikamwachia kijana aizime, na oili inatakiwa kumwagwa ingali na joto ili uchafu utoke nayo. Naomba sasa tutoke nje. Aliye na beseni alilete, spana ya kumi ninayo, na ninataka mmoja wa akina mama ndiye afungue boliti.